Farasi 308 wa Nairobi: Wametoka Wapi?

Wenye Subaru mjini Nairobi wanaijua vizuri karatasi ya kipimo cha nguvu za injini. Mfano huu nimeutunga ili hesabu ionekane, lakini kila hatua yake ni hatua ambayo programu za mashine za kupimia nguvu za injini hufanya. Gari ni Forester ya turbo, lita 2.0, injini EJ205, otomatiki, inayovuta magurudumu yote manne. Kiwanda kiliitoa Japani na PS 220. Mwenyewe amebadilisha ekzosi na kompyuta ya gari imeprogramiwa upya. Chini ya karatasi, kwa herufi nene, imeandikwa: nguvu farasi 308.

Mashine haikupima 308. Ilipima 186. Hao wengine 122 wameongezwa na hesabu baada ya dereva kuondoa mguu kwenye mafuta, na mwenye gari ana haki ya kujua wameingilia mlango gani.

Rola za mashine hiyo, zilizo chini ya tairi, zinajua mambo mawili tu: zinasukumwa kwa nguvu kiasi gani, na zinazunguka kwa kasi gani. Zidisha moja kwa jingine, unapata nguvu inayofika kwenye magurudumu. Mashine nyingine hutumia rola nzito na kukokotoa nguvu kutokana na jinsi rola inavyozidi kukimbia. Nyingine zina breki inayolishikilia gari. Hiyo ya breki ni bora kwa turbo, maana inaipa turbo muda wa kujaa kama inavyojaa gari likipanda mlima. Kwa vyovyote vile, ushahidi unaishia kwenye rola. Injini yenyewe haijaguswa na kifaa chochote.

Ongezeko la kwanza ni la hewa. Injini inavuta hewa, na hewa ya Nairobi ni nyepesi. Mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, presha ni karibu milibari 830, wakati Mombasa na Dar es Salaam zinapata zaidi ya 1,000. Ili vipimo vya miji tofauti vilinganishwe, kuna kanuni za marekebisho. Ile ya Marekani, SAE J1349, inarudisha kila kipimo kwenye hewa kavu ya milibari 990 na joto la nyuzi 25. Ukiweka hali ya Mombasa siku ya joto na unyevu, unapata kizidishi cha 1.02 hivi, ambacho hakimdhuru mtu. Ukiweka hali ya Nairobi, unapata karibu 1.24. Farasi 186 mara 1.24 ni 231.

Hapo pana makosa mawili, na yote ni makubwa. La kwanza: kanuni hiyo haikutungwa kwa marekebisho makubwa kiasi hicho. SAE na kanuni za kimataifa zinazofanana nayo zinaweka mipaka ya kati ya 0.93 na 1.07, yaani asilimia 7 kwenda juu au chini. Nairobi iko nje kabisa ya mipaka hiyo, mchana na usiku, kiangazi na masika. Programu haitakataa kufanya hesabu kwa sababu hiyo. Itazidisha tu na kuchapa.

La pili linagusa kila gari la turbo. Kizidishi cha 1.24 kinadhani kwamba injini inavuta hewa kwa pumzi yake yenyewe, na kwamba hewa ikipungua nayo inapungukiwa kwa kiwango hicho hicho. Turbo haiko hivyo. Chukua turbo inayotegemea springi ya westigeti (vali inayozuia presha ya turbo isizidi) peke yake. Pwani hewa ina bari 1, turbo inaongeza bari 1, injini inapata 2. Nairobi hewa ina 0.83, turbo inaongeza bari ile ile 1, injini inapata 1.83. Pengo ni asilimia 8 na nusu, kwa hiyo kizidishi cha haki kingekuwa karibu 1.09. Na kama kompyuta ya gari inafuata presha ya jumla ndani ya manifoldi, itaiamuru turbo izunguke kwa kasi zaidi ili kufidia, na pengo litapungua tena, mradi turbo bado ina nafasi ya kuongeza. Kulipa gari hilo asilimia 24 ni kulilipa mara mbili kwa kazi ambayo turbo imeshaifanya.

Kuna pia suala la kipimajoto. Kanuni inataka joto la hewa inayoingia kwenye injini, kwa hiyo kihisio kinatakiwa kukaa karibu na mdomo wa ea klina, penye upepo wa feni. Kikilazwa juu ya injini, chini ya boneti, na kusoma nyuzi 45 badala ya 25, kizidishi kinapanda kutoka 1.24 hadi 1.29. Hakuna aliyegusa injini, na kwenye karatasi yetu farasi 12 wamezaliwa. Ukiwa gerejini, fuata waya wa kihisio kwa macho uone umeishia wapi. Ni jambo la nusu dakika.

Ongezeko la pili ndilo linaloumiza zaidi. Mwenye gari anataka namba ya injini ili ailinganishe na ya kiwanda, kwa hiyo programu inarudishia kilichopotea kwenye giaboksi, difu na tairi. Njia ya uvivu ni kudhani kwamba asilimia 25 imepotea: 231 gawanya kwa 0.75, unapata 308. Lakini tazama maana yake. Farasi 77, sawa na kilowati 57, wanadaiwa kugeuka joto ndani ya mfumo wa kupeleka nguvu. Ni sawa na birika 28 za umeme zikichemka kwa pamoja chini ya gari. Tena asilimia hiyo ikiachwa hivyo hivyo, kila farasi anayeongezwa na fundi anazaa theluthi ya farasi mwingine bure, wakati sehemu kubwa ya hasara, kama oili inayokorogwa na beringi zinazozunguka, inafuata kasi na haijali injini ina nguvu kiasi gani.

Njia nzuri zaidi ni kuliacha gari lipungue mwendo lenyewe juu ya rola, gia ikiwa huru, na kupima linavyozizuia. Hata hiyo ina udhaifu: tairi isiyobeba mzigo haipotezi sawa na tairi inayosukuma, na mikanda inayolifunga gari ikikazwa sana au tairi ikiwa na upepo mdogo, hasara inavimba na namba ya injini inavimba nayo.

Sasa tuibane ile 308 kwa njia ambazo hazitegemei rola.

Toki inasema mengi kuliko nguvu. Injini ya petroli isiyo na turbo, ikiwa nzuri, hutoa takriban Nm 100 kwa kila lita. Ukiona karatasi inaipa injini ya lita 2 isiyo na turbo Nm 280, ikunje na uiweke mfukoni. EJ205 ya Forester kiwandani hutoa Nm 309 kwenye kilele, yaani 155 kwa lita. Karatasi yetu inasema 308 zimepatikana kwenye mizunguko 5,600 kwa dakika. Hesabu inarudi kuwa Nm 392, karibu 196 kwa lita, tena huko juu ambako turbo ndogo ya kiwandani imeshaanza kuishiwa pumzi. Hilo halikubaliki bila ushahidi mwingine.

Ushahidi huo upo, na ni hewa yenyewe. Forester hii ina sensa inayopima gramu za hewa zinazoingia. Injini ya turbo ikikanyagwa mafuta hadi mwisho hutumia takriban gramu 0.76 kwa sekunde kwa kila farasi mmoja. Farasi 308 wanahitaji gramu 235 hivi. Chomeka skana wakati gari liko kwenye rola; tuseme kwenye mfano wetu imesoma kilele cha 170, basi injini ilikuwa na farasi 223 au hapo karibu. Ila uhakikishe bomba la sensa halijabadilishwa, kwani bomba likipanuliwa bila kompyuta kuambiwa, sensa inasoma pungufu.

Mchoro nao usomwe. Ncha kali inayoruka ghafla mara nyingi ni tairi iliyoteleza kisha ikashika. Kilima cha toki kwenye mizunguko ya chini kwa gari la otomatiki mara nyingi ni giaboksi iliyoshuka gia katikati ya kipimo. Hapo namba ya nguvu inaweza kuwa sahihi na ya toki ikawa ya uongo, kwa sababu toki inahitaji mizunguko halisi ya injini na nguvu haiihitaji.

Nisieleweke kwamba rola hazina maana. Mwaka 1999 Ford iliuza Mustang Cobra kwa ahadi ya farasi 320, wakati ya miaka iliyotangulia ilikuwa na 305. Wenye magari walipoyapandisha kwenye rola, ongezeko hilo halikuonekana. Hawakuhitaji kujua namba kamili ya injini. Ilitosha kulinganisha gari na gari. Ford ilisimamisha mauzo Agosti mwaka huo, ikayaita magari yarudi, ikabadilisha manifoldi ya hewa, kompyuta na ekzosi. Rola zilishinda karatasi ya kiwanda, na zilishinda kwa kulinganisha.

Huo ndio utumiaji ninaoutetea: rola zile zile, siku ile ile, gia ile ile, tairi zenye upepo ule ule, kabla na baada. Kizidishi hakina la kukuongezea hapo.

Na Forester yetu? Farasi 186 magurudumuni na gramu 170 za hewa vinasema kitu kimoja: injini inatoa 220 na kidogo, hapa hapa Nairobi. PS 220 za kiwandani ni farasi 217, na zinahesabiwa kwa hewa ya karibu na usawa wa bahari. Gari linalozifikia likiwa mita 1,700 juu limetengenezwa vizuri, na fundi wake hana haja ya wale 122 wa hesabu. Mwombe akuandikie nguvu za magurudumu bila marekebisho, joto na presha ya saa hiyo, kizidishi alichotumia na kipimo cha kabla ya kazi. Akikupa hivyo vinne, mlipe kwa moyo mweupe.