Jina la Onesimo

Msomaji, fungua Agano Jipya, uutafute waraka wa Paulo kwa Filemoni. Ni mfupi, aya 25 tu, na huenda umeupita mara nyingi. Mwandishi yumo kifungoni, naye amtetea mtumwa aliyetengana na bwana wake. Mtumwa huyo aitwa Onesimo.

Katika Kiyunani jina hilo lina maana wazi: mwenye kufaa, mwenye kuleta faida. Watumwa wa zama zile walipewa sana majina ya namna hiyo, kama vile watumwa wa pwani yetu katika karne ya 19 walivyoitwa Mabruki au Almasi. Aliyepewa jina hakuulizwa.

Sasa tazama sarufi. Sisi twasema "Onesimo amekuja" na "nimemwona Onesimo", na jina halibadiliki. Kwa Wayunani mwisho wa jina hugeuka: mtendaji ni Onesimos, mtendwa ni Onesimon. Na kwa kuwa mwisho huonyesha kazi ya neno, mwandishi aweza kuliweka neno karibu popote apendapo. Katika aya ya 10 Paulo autumia uhuru huo kwa werevu mkubwa. Ataja kwanza ombi, kisha mwanawe, kisha minyororo. Jina, ambalo huenda lingemchukiza Filemoni, lasukumwa hadi mwisho. Tena lina mwisho wa mtendwa, yaani lashikamana na kule kuzaliwa kifungoni. Mara hiyo aongeza maneno mawili yafananayo kwa sauti: akhrestos, asiyefaa, na eukhrestos, afaaye sana.

Wafasiri wetu waliliacha jina kama lilivyo, nao walifanya vema, kwani mtu si kitendawili. Lakini mchezo wa maneno umepotea, ilhali Kiswahili kina kufaa na faida, maneno yakaribianayo kwa sauti ingawa asili zao ni mbalimbali. Maelezo mafupi chini ya ukurasa yangetosha.

Hata hivyo mchezo wenyewe wanitia shaka. Mtu asifiwaye kwa kuwa afaa bado apimwa kama jembe. Nadhani Paulo aliiona hatari hiyo, maana katika aya ya 16 aacha habari za kufaa, amwita Onesimo ndugu mpendwa, zaidi ya mtumwa. Kisha, katika aya ya 20, ajiombea faida kwa kitenzi onaimen, chenye shina moja na jina lile. Lakini safari hii faida yadaiwa kwa bwana, si kwa mtumwa.