Gari lisilo na spea

Magari ya kwanza hayakubeba spea. Tairi likipata pancha, dereva alishuka, akalivua kwenye rimu pale pale barabarani, akaziba tyubu, akapiga pampu ya mkono mpaka mabega yakamuuma, ndipo akaendelea na safari. Mwaka 1904, Thomas Morris Davies wa Llanelli, nchini Wales, alibuni gurudumu la akiba: pete ya chuma isiyo na spoki, iliyokwisha kuvikwa tairi lenye upepo, ambayo dereva aliibana kando ya gurudumu lililoharibika. Tangu hapo kuziba pancha kukawa kazi ya kusubiri. Unafunga spea, unakwenda zako, na tairi bovu unampelekea fundi kesho au wiki ijayo, unamwachia, unalipitia jioni. Ndiyo maana wengi wetu hatujawahi kuitazama kazi hii tangu mwanzo hadi mwisho.

Gari la umeme limeturudisha kando ya barabara. Chukua Nissan Leaf, gari lililoanza kuuzwa Desemba 2010 na ambalo sasa linaonekana Nairobi, mengi yakiwa yameletwa yakiwa yametumika huko Japani. Fungua buti ya Leaf nyingi: utakuta waya wa kuchajia, chupa ya dawa ya kuziba tairi na kikompresa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya gari. Spea hakuna, na mara nyingi hata jeki na spana hazimo. Betri ya matoleo ya mwanzo ina uzito wa karibu kilo 300 na imelala chini ya sakafu. Kila kilo inayoongezwa juu yake inapunguza mwendo ambao chaji moja inaweza kukupa, kwa hiyo waundaji wakaona spea ndiyo ya kuachwa. Wala huwezi kumwomba jirani akuvute kwa kamba. Magurudumu ya mbele yameungana na mota, na yakizungushwa kwa kuvutwa, mota inazalisha umeme usiotakiwa na mitambo inaweza kuharibika. Itabidi lije lori la kubebea magari, au aje fundi wa pancha.

Huyu fundi ndiye ninayetaka kumsifu, yule mwenye tairi kuukuu lililoning'inizwa kwenye mti kama kibao cha biashara yake, karai la maji, na kompresa inayounguruma nyuma ya kibanda. Watu humwita wakiwa na haraka na humwacha wakiwa na haraka, na kazi yake haina haraka hata kidogo.

Kwanza ni kuinua. Gari la petroli limezoea kuinuliwa ovyo, jeki ikisukumwa popote palipo na chuma. Chini ya gari la umeme, mahali hapo papana palipo tambarare, panapoonekana kama pametengenezwa kwa ajili ya jeki, ndipo ilipo betri. Fundi anayejua hupiga magoti, akapitisha kiganja kwenye ukingo wa chini ya mlango mpaka vidole vikutane na sehemu iliyoimarishwa, nyuma ya gurudumu la mbele au mbele ya lile la nyuma. Juu ya jeki huweka kipande cha mpira alichokikata kwenye tairi lililokwisha, ili chuma kisikwaruze chuma na gari lisiteleze. Tesla huuziwa vibao vya kuchomeka kwenye matundu maalumu kwa kazi hiyo hiyo. Cha fundi hakikununuliwa, na kinafanya kazi. Nati amekwisha kuzilegeza gurudumu likiwa bado chini, maana likiwa hewani linazunguka tu na gari zito linatikisika juu ya jeki.

Halafu ni kulibandua tairi kwenye rimu. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana kihisi cha presha kilichofungwa ndani, nyuma ya valvu, na chuma cha kubandulia kikiingizwa vibaya hukivunja. Kwa hiyo fundi huanzia mbali na valvu, akisogea kidogo kidogo, goti moja likiwa limelikandamiza tairi, chuma cha pili kikishikilia kile ambacho cha kwanza kimekwisha kushinda. Tairi likifunguka na kumwaga majimaji meupe kama maziwa, anajua mwenye gari alijaribu ile chupa. Halalamiki. Anayafuta yote, kwa sababu kiraka hakishiki penye utelezi.

Sehemu ninayoipenda ni ile ya vidole. Ndani ya tairi, fundi hupitisha kwanza kitambaa, ili kama kuna waya uliochomoza ukamate nyuzi badala ya ngozi. Kisha vidole vyenyewe, polepole, kama vya mtu anayechambua mchele. Anautafuta msumari, na pia anataka kujua umeingia kwa mshazari gani, umetokea wapi, na kama kuna kingine kilichojificha. Akiupata anaweka alama ya chaki, na kabla ya kuuchomoa anautazama ulivyolala. Msumari ulioingia kwa upande huacha tundu refu, na kiraka kilichowekwa bila kulijua hilo kitaziba nusu yake tu.

Hapo ndipo anapoamua kukubali au kukataa, na kwangu mimi fundi hupimwa kwa kukataa kwake. Tundu likiwa kwenye sehemu inayokanyaga barabara na halizidi milimita 6, linazibika. Likiwa ubavuni halizibiki, kwa sababu ubavu hujikunja kila gurudumu linapozunguka. Gari la umeme ni zito kuliko la petroli la ukubwa ule ule, na mota yake hutoa nguvu yote mara tu unapokanyaga, kwa hiyo tairi linavutwa na kuelemewa zaidi. "Hili hapana, mzee. Tafuta jingine." Ameinyima mifuko yake pesa ya siku ile ili mtu asiyemjua afike nyumbani salama.

Akikubali, anakwaruza mpira wa ndani mpaka mng'ao uondoke, anapuliza vumbi, anapaka gundi nyembamba, na anangoja. Huko kungoja ndiko kunakowashinda wateja. Gundi mbichi haishiki. Inabidi ikauke mpaka mgongo wa kidole ukiigusa usitoke na unyevu. Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto huwa imara bila kupoteza mnyumbuko wake, na kiraka cha leo hukamilisha muungano wa aina hiyo bila moto, kwa dawa iliyomo ndani ya gundi na kiraka chenyewe. Kinachobaki kwa fundi ni subira na mkandamizo. Anachukua kigurudumu kidogo cha meno chenye mpini, anakipitisha juu ya kiraka kuanzia katikati kwenda pembeni, tena na tena, akifukuza hewa. Akianzia pembeni, hewa itafungiwa katikati na siku moja itainua kiraka.

Kuna njia ya mkato, ule uzi wa mpira wenye gundi unaochomekwa kwenye tundu kutoka nje bila hata kulivua gurudumu. Ni wa kukufikisha uendako, na fundi mwaminifu anakuambia hivyo kabla hujalipa.

Ustadi wa kiwango kingine nimeuona kwenye pikipiki za umeme. Nyingi kati ya zile za China zina mota ndani ya gurudumu lenyewe la nyuma. Ekseli ina uwazi katikati, na humo zinapita nyaya tatu nene za umeme, mara nyingi ya njano, ya kijani na ya buluu, pamoja na kitita cha nyaya nyembamba za vihisi. Ukilivua gurudumu kama la boda boda ya petroli, unazikata. Ukizifungua na kuzirudisha kwa kuchanganya rangi, mota itarudi nyuma au itatetemeka bila kwenda. Kwa hiyo fundi huzima umeme kwanza, au huitoa betri kabisa na kuiweka kivulini. Na kama tairi ni la tyubu, mara nyingi halivui gurudumu hata kidogo: hulibandua upande mmoja tu, ule usio na nyaya, huivuta tyubu nje ikiwa bado imezunguka ekseli, huijaza upepo, hulisogeza karai karibu na kuizamisha kipande kwa kipande akitazama mapovu. Anaziba hapo hapo akiwa amechuchumaa, kwenye nafasi isiyotosha mikono miwili.

Gurudumu likilazimika kutoka, kazi ngumu ni kulirudisha. Ekseli ya mota hii haitakiwi kuzunguka. Imechongwa bapa pande mbili na inashikwa na washa maalumu zenye meno. Mota inasukuma tairi mbele na kuisukuma ekseli nyuma kwa nguvu ile ile, na nati zikilegea, ekseli itajizungusha na kuzikwanyua nyaya zote. Fundi huzipanga washa kwa utaratibu ule ule alioziweka chini wakati wa kufungua, anakaza upande huu kidogo, upande ule kidogo, anarudisha betri, na pikipiki ikiwa bado juu ya stendi anapiga resi kidogo kabisa. Analitazama gurudumu linazunguka kwenda mbele, anasikiliza kama kuna mkwaruzo, anazima, anazishika nati tena kwa spana. Kisha anamwambia mwenye boda boda arudi kesho zikazwe upya, na kwa hilo hamtozi kitu.