Misimu Thelathini Kabla ya Nyoka

Kila nikirudia The River and the Source ya Margaret Ogola, riwaya ya 1994, nakwama mwanzoni kabisa. Kijiji cha Chifu Odero Gogni wa Yimbo hakipewi mwaka. Tunaambiwa tu ni misimu kama thelathini kabla ya yule nyoka mkubwa, reli, kufika ziwani.

Shuleni tulipiga hesabu. Reli ilifika Kisumu, wakati huo Port Florence, Desemba 1901. Toa thelathini, upate 1871. Lakini hebu ngoja. Kwetu mvua ni mara mbili kwa mwaka, chwiri na opon. Ukihesabu hivyo, ni miaka kumi na mitano tu, na unaangukia 1886. Sasa ni upi?

Hata hiyo 1901 si moja. Mgujarati mwenye duka angeandika 1958 ya Vikram Samvat. Mwislamu aliyefunga Ramadhani mwezi huohuo alikuwa katika 1319 ya Hijria. Garimoshi ni lile lile.

Wahakiki wengi husifu mtindo huu kama sauti ya fasihi simulizi. Sawa, lakini mimi unanitia baridi. Mwislamu huhesabu mbele kutoka Hijra, tukio ambalo ni lake. Kijiji cha Yimbo kinahesabiwa kurudi nyuma kutoka kwa chuma ambacho bado hakijafika. Akoko anazaliwa, analia, ananyonya, na tayari msimulizi anampimia umri kwa reli ya mkoloni. Je, huo ni udhaifu wa Ogola? Sidhani. Naona ndiyo huzuni ya kitabu chenyewe, imefichwa ndani ya nambari.

Dani yangu alipoenda kutafuta kitambulisho, alisema alizaliwa nzige walipomaliza mtama. Karani akamjibu, "Mama, nzige si tarehe." Akamwandikia Januari mosi, na mwaka wa kubahatisha. Dani alizikwa na mwaka huo, umechorwa msalabani.

Kwa hiyo mwanafunzi akiulizwa Akoko alizaliwa lini, naye ajibu, "Misimu thelathini hivi kabla ya reli," mwalimu asimkate alama. Amwulize swali moja tu la ziada: misimu ya nani?