Paa la Nyasi la Buyangu

Mvua ya Kakamega, magharibi mwa Kenya, ina ratiba yake. Asubuhi jua huwaka, mchana mawingu hukusanyika juu ya msitu, na alasiri radi hupiga na maji yakamwagika, mara nyingine pamoja na mawe. Kwa mwaka msitu hupata takriban milimita 2,000. Mvua hiyo ikikukuta chini ya mabati, mazungumzo hukatika. Mnabaki kutazamana hadi ipungue. Chini ya paa la nyasi mnaendelea na hadithi zenu na chai yenu. Mvua mnaisikia, lakini haiwapigii kelele. Mgeni anayelala kwenye mabanda ya msituni hupokea ukarimu huu kabla ya mwingine wowote, na mara nyingi hajui kwamba kuna mtu aliyeufanyia kazi kwa siku nyingi.

Malazi katika msitu huu ni ya aina kadhaa. Upande wa kusini kuna Rondo, ambako nyumba kuu ilijengwa mwaka 1948 kuwa makao ya mwenye kiwanda cha kupasua mbao, na leo ni mahali pa mapumziko penye bustani iliyotunzwa vizuri. Upande wa kaskazini, Buyangu, katika hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1985 na ambayo sasa iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, kuna mabanda yaliyopewa jina la Udo Savalli, mtaalamu wa ndege. Ni vyumba vya duara, vidogo, vyenye mapaa ya nyasi. Watu huja kuwatazama mbega na hondohondo, na wana haki, kwa maana msitu huu ni kipande cha mashariki kabisa cha misitu ya mvua iliyowahi kuenea kutoka Kongo. Mimi naomba mgeni atenge saa moja, aketi kitandani, na ainue macho atazame paa.

Kazi ya paa huanza mbali na nyumba. Nyasi hukatwa kiangazi, kati ya Desemba na Februari, zikiwa zimekomaa na kukauka zikiwa bado zimesimama. Zikikatwa mbichi zitasinyaa juu ya paa na kuacha mianya. Zikikatwa zimelowa zitavunda ndani ya kitita. Mkataji hushika konzi moja upande wa vilele, akaikung'uta kwa nguvu, na majani mafupi, magugu na takataka yakaanguka. Zinazobaki mkononi ni zile ndefu tupu. Kisha hugonga mashina chini hadi yalingane, akafunga. Nyasi ambazo hazikukung'utwa hujaza paa haraka na kumpa mwenye nyumba furaha ya msimu mmoja, kwa sababu yale majani mafupi hushika maji kama sifongo na kuozesha hata nyasi nzuri zilizo jirani.

Chini ya nyasi kuna kiunzi. Hapa Magharibi mti unaopendwa ni lusiola, ule wenye maua ya manjano unaoota kwenye mipaka ya mashamba. Hunyooka vizuri, mchwa hawaupendi, na ukikatwa huchipua tena. Pau hupanda kutoka ukutani hadi kileleni, na fito huzungushwa juu yake, duara juu ya duara, kila moja ikiwa ndogo kuliko iliyo chini yake. Mwinuko ndio siri. Paa likilala, maji hutembea polepole na hupata muda wa kuzama. Likisimama vizuri, maji hukimbia na kulowesha tabaka la juu tu. Ukichungulia ndani ya paa zuri baada ya mvua kubwa, utakuta nyasi za katikati ni kavu kabisa.

Niliwahi kumtazama fundi mzee akiezeka upya banda moja upande wa Shinyalu, akisaidiwa na kijana. Vifaa vyao vilikuwa panga, mundu, kamba na ubao bapa wenye mpini. Walianza chini, kwenye ukingo, kwa sababu kila safu lazima ifunikwe na ile ya juu yake, na kamba iliyofunga safu ya chini isionekane wala isiguswe na maji. Mzee alikuwa juu, kijana ndani, wakipitishiana kamba kuizunguka fito. Mzee alipoivuta, alikaza kwa goti huku akiminya kitita kwa kiganja, akasikiliza. Kamba ikikazwa mno, nyasi husimama wima na kufungua njia. Ikilegea, upepo utaziondoa moja moja. Kisha alichukua ule ubao na kugonga mashina kwa kutoka chini kwenda juu, polepole, hadi uso wa safu ukawa sawa. Kijana alitoka nje kutazama.

"Mzee, hapa pametosha?"

Mzee hakumjibu. Aliushika mkono wa kijana, akauelekeza kwenye safu waliyomaliza, akamwambia asukume vidole. Vidole vikapenya hadi kwenye fito. Wakafungua, wakaongeza kitita, wakafunga tena. Jaribio la pili, vidole viliishia njiani. Unene wake sasa ulikuwa wa shubiri moja, na ulikuwa hivyo kuzunguka nyumba nzima, ingawa sikuona mtu akitumia rula.

Sehemu ngumu kuliko zote ni kileleni. Kwenye paa la duara, vitita vinazidi kubanana kadiri unavyopanda, kwa hiyo fundi lazima avipunguze safu baada ya safu ili paa lisivimbe shingoni. Mwishoni vitita vyote hukutana mahali pamoja, na hapo ndipo maji hupenda kuingia. Yule mzee alikusanya nyasi ndefu kuliko zote, alizozitenga tangu siku ya kukata, akazifunga kama kofia, akazikunja na kuzifunga tena juu ya zile nyingine. Alikuwa amezitunza kando muda wote huo kwa ajili ya kazi hiyo moja.

Linalobaki baada ya hapo ni moshi. Katika nyumba za zamani za Waluhya moto uliwaka kila siku, moshi ukapanda na kupita kwenye nyasi, ukazikausha na kufukuza wadudu. Masizi meusi ya ndani yalikuwa kinga. Maarifa haya haya yako pia mbali sana na hapa. Katika milima ya Akita, kaskazini mwa Japani, kuna nyumba ya wageni ya Tsurunoyu, yenye chemchemi za maji moto meupe kama maziwa, ambako jengo la zamani limeezekwa nyasi na wageni huketi kwenye mikeka kuzunguka moto wa mkaa uliowekwa sakafuni. Huko pia mafundi wanafahamu kwamba paa lisilopata moshi huzeeka mapema. Mabanda ya Kakamega hayapikiwi ndani, kwa hiyo mapaa yake yanamhitaji fundi mara nyingi zaidi kuliko ilivyomhitaji nyumba ya bibi.

Na fundi huyo anaadimika. Mabati yameshinda vijijini kwa sababu za haki: hayashiki moto kirahisi, hukinga maji safi ya kunywa, na humwondolea mama kazi ya kutafuta nyasi. Nyasi zenyewe zimekwisha. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.8 katika Kaunti ya Kakamega, na shamba dogo lililopandwa mahindi, miwa na chakula cha ng'ombe halina kona ya kuacha nyasi zirefuke. Hakuna anayepaswa kumlaumu mtu kwa kuweka mabati juu ya watoto wake.

Ndiyo maana malazi ya wageni yamepata jukumu ambalo hayakuliomba. Nyumba ya familia ikishapata mabati haimhitaji tena mwezekaji; banda la wageni humwita tena na tena, na kila anapoitwa anahitaji kijana wa kumpitishia kamba. Stadi kama hii ni urithi pia. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa hapa Kakamega kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Mwaka 2020 iliorodhesha stadi za Japani za kutunza majengo ya mbao, na uezekaji wa nyasi ukiwa mojawapo. Wajapani walitambua kwamba jengo la kale haliwezi kuhifadhiwa ikiwa mikono inayolijua imekwisha. Kakamega ina wataalamu wa namna hiyo hiyo, wanaolipwa kama vibarua na kuondoka bila jina lao kuandikwa popote.

Kwa hiyo ninawaomba wenye mabanda watenge kipande cha ardhi kwa ajili ya nyasi, kama wanavyotenga bustani ya mboga, na kila wanapoezeka upya wamlipe fundi pamoja na mwanafunzi wake. Nawe mgeni, ukimaliza kulipia chumba, uliza paa limeezekwa na nani. Swali hilo likiulizwa mara nyingi, mwenye banda atalazimika kulijua jibu, na fundi atakuwa na sababu ya kumwambia mjukuu wake kwamba kazi hii ina kesho.