Maungamo ya Mtakatifu Augustino: toba isiyoishia bustanini

Kila mara Kwaresima inapofika, watu wa parokia zetu wanasikia tena habari ya Mtakatifu Augustino. Tumezoea namna inavyosimuliwa. Kijana wa Afrika mwenye akili nyingi alipotea katika anasa. Mama yake Monika alilia na kusali. Siku moja, bustanini, alisikia sauti ya mtoto, akafungua kitabu, akasoma, akatubu. Baadaye akawa askofu na mtakatifu. Kisha mhubiri anawageukia waamini, anawaambia: Nanyi mfanye vivyo hivyo. Waseminari wanaipokea habari hiyo kwa mapadri, wakatekista wanaipokea kwa waseminari, na hivyo inazunguka bila mtu kurudi kwenye kitabu chenyewe.

Hatusemi kwamba habari hiyo ni ya uwongo. Yote yamo kitabuni. Lakini mtu anaweza kusema maneno ya kweli na bado akakipotosha kitabu, kwa sababu amekata kipande kimoja na kukiita kitabu kizima. Maungamo ya Augustino yana vitabu 13. Bustani ya Milano imo katika kitabu cha 8. Mhubiri anayefunga kitabu pale anawafundisha watu kwamba toba ni jambo la siku moja, mtu analia, anaamka, imekwisha. Augustino mwenyewe hakuandika hivyo, na tunafikiri kosa hilo si dogo, kwani linaharibu wito wa kwanza kabisa wa Injili, ule ambao Marko anauweka kinywani mwa Bwana wetu alipoanza kazi yake Galilaya: kutubu na kusadiki, mambo mawili kwa pamoja.

Tuanze na jina la kitabu. Kwa Kilatini ni Confessiones. Sisi tunasema Maungamo, na neno hilo kwetu lina harufu ya kiti cha kuungamia: mtu amepiga magoti, anahesabu zambi zake. Kwa Augustino neno confessio lina maana mbili. Ni kukiri zambi, na ni kumsifu Mungu. Katika hotuba moja anawachekea kidogo waamini wanaomsikiliza: Injili ilisomwa, likasikika lile neno ambalo kwalo Yezu anamshukuru Baba yake, nao mara moja wakajipiga kifua, kana kwamba kukiri hakuwezi kuwa kitu kingine ila kuomba musamaha. Akawaeleza kwamba Yezu hakuwa na zambi ya kuungama, alikuwa akisifu. Basi wakristu wale walikuwa kama wakristu wetu! Na uzeeni, alipopitia tena maandiko yake yote, alisema juu ya vitabu hivyo 13 kwamba vinamsifu Mungu kwa mabaya yake na kwa mema yake pia. Ndiyo maana kitabu kizima kimeandikwa kama sala. Augustino hazungumzi nasi. Anazungumza na Mungu, sisi tunasikiliza mlangoni. Anayekisimulia kitabu hiki kama habari ya mtu fulani aliyejirekebisha ameondoa ndani yake yule anayesemeshwa.

Turudi sasa bustanini, mwaka 386, maana hata kile kipande kinachosimuliwa hakisimuliwi vizuri. Watu wanafikiri sauti ile ilishuka ghafula. Lakini kabla yake kitabu cha 8 kimejaa sauti za watu. Padri mzee Simplicianus anamweleza habari ya Victorinus, mwalimu mwenye heshima kubwa katika Roma, aliyekuwa akisema kwa siri kwamba yeye ni mkristu, na mzee akamjibu kwamba hatasadiki mpaka amwone kanisani. Mwisho Victorinus akakiri imani mbele ya watu wote. Halafu anakuja Ponticianus, Mwafrika mwenzao, askari wa nyumba ya mfalme. Anaona juu ya meza barua za Mtume Paulo, anafurahi, anaanza kueleza habari za Antoni wa Misri na za rafiki wawili walioacha kazi ya mfalme kwa kusoma maisha yake tu. Augustino anaona haya. Wajinga, anawaza, wanaingia mbinguni, na sisi tulio na elimu tunagaagaa hapa. Ni baada ya hayo yote anapokimbilia bustanini. Hakuita mwenyewe wito wake. Ulimfikia kwa vinywa vya watu, na wengi wao hawakujua walikuwa wakifanya kazi gani. Katekista anayetembea kilometa nyingi kwa miguu hadi kijiji cha mwisho cha parokia, anafundisha watu sita, anarudi jioni bila kuona tunda, huyo angefurahi kumjua Ponticianus. Wahubiri wetu hawamtaji.

Hawamtaji Alypius pia. Rafiki huyu alikuwa palepale. Augustino alipomwonyesha maneno ya Paulo aliyoyasoma katika barua kwa Waroma, Alypius aliomba kuyaona, akaendelea kidogo mbele, akakuta mahali ambapo Mtume anaagiza apokelewe mtu aliye zaifu katika imani. Akasema: neno hili ni langu. Wawili, ukurasa mmoja, mistari inayofuatana, na kila mmoja ameitwa kwa jina lake. Mmoja aliitwa aache matendo ya usiku. Mwingine, mpole na msafi tangu zamani, aliitwa akubali kwamba imani yake ilikuwa bado changa. Tunapohubiri toba kwa walevi na wazinzi tu, Alypius anarudi nyumbani bila kitu. Na katika makanisa yetu akina Alypius ni wengi.

Juu ya imani, tusome kitabu cha 7. Pale Augustino amekwisha kuvishinda vitabu vya Wamanikeo, aliowafuata karibu miaka tisa. Amesoma vitabu vya wafuasi wa Plato, ameelewa kwamba Mungu si mwili, kwamba ubaya si kitu chenye uhai wake. Akili yake imenyoka. Anasema hata kwamba katika vitabu hivyo alikuta habari za Neno aliye kwa Mungu, lakini hakukuta kwamba Neno alifanyika mtu. Na bado hakuweza kutembea, kwa sababu, asema, hakuwa mnyenyekevu wa kutosha kumshika Yezu mnyenyekevu. Tungependa waseminari wa teolojia wakae hapa siku nyingi. Mtu anaweza kupata alama nzuri katika mtihani juu ya neema na asiwe amesadiki bado.

Sasa kitabu cha 10. Hapa tunafika mahali ambapo ile hotuba ya Kwaresima inavunjika kabisa. Augustino alibatizwa usiku wa Pasaka wa mwaka 387 na Mtakatifu Ambrosi, pamoja na Alypius na mwanawe Adeodatus. Maungamo aliyaandika kati ya 397 na 401 hivi, akiwa askofu. Katika kitabu cha 10 anaacha mambo ya zamani, anasema: sasa nieleze nilivyo leo. Na anaeleza! Askofu anakiri mbele ya mapadri wake na waamini wake kwamba ndoto zinamsumbua, kwamba mezani hajui vizuri mpaka wa haja na ulafi, kwamba wakati mwingine uzuri wa wimbo wa zaburi unamgusa kuliko maneno yake. Anakiri kwamba akipita shambani na kuona mbwa akimfukuza sungura, mawazo yake yanakimbia pamoja na mbwa. Na nyumbani mjusi anayekamata nzi anatosha kumtoa katika sala. Anakiri, na hili analipima kwa uchungu zaidi, kwamba anapenda kusifiwa, na kwamba hata anapodharau sifa anaweza kujisifu kwa kuzidharau.

Siku hizi watu wanapenda sana ushuhuda. Katika makanisa ya uamsho, na katika vikundi vyetu vya sala vilevile, mtu anasimama, anasema: nilikuwa mwizi, nilikuwa mlevi, leo nimeokoka. Watu wanapiga makofi. Hatuwacheki, wengine wao wameacha pombe kwelikweli na watoto wao wanakula. Lakini tunaona kwamba ushuhuda wa namna hii unasema daima juu ya jana. Zambi zote zimewekwa nyuma ya mlango, na anayesema amesimama upande huu akiwa msafi. Baada ya miaka miwili anaanguka, na kwa kuwa hakufundishwa neno lolote kwa ajili ya leo, anaona haya, anajificha, haonekani tena. Kitabu cha 10 kinampa neno hilo. Ndicho kitabu ambacho padri angemwekea mkononi mtu aliyeanguka baada ya ushuhuda wake.

Na askofu huyu hakugeuka alipozeeka. Possidius, aliyekaa naye miaka mingi na kuandika maisha yake, anasema kwamba Augustino alizoea kufundisha kuwa hata mkristu mwema, hata padri, asiiage dunia bila kutubu. Katika ugonjwa wake wa mwisho, mwaka 430, Wavandali wakiwa wameuzunguka mji wa Hippo, aliagiza zaburi za toba za Daudi zinakiliwe na kubandikwa ukutani karibu na kitanda. Alizisoma akilala, akalia. Miaka 43 ilikuwa imepita tangu ubatizo wake.

Imebaki habari moja ambayo haisemwi kanisani, nasi tutakaa juu yake zaidi, kwani hapa kitabu chenyewe kina upungufu. Ni habari ya yule bibi.

Augustino alikaa na mwanamke mmoja zaidi ya miaka 12, bila ndoa ya halali. Alizaa naye Adeodatus. Anasema mwenyewe kwamba hakwenda kwa mwingine. Alipokuwa Milano akitafuta cheo, jamaa walimtafutia mchumba wa nyumba yenye mali, na Monika ndiye aliyesukuma jambo hilo zaidi. Msichana alikuwa bado mdogo, ilibidi kungoja karibu miaka miwili. Yule bibi aliondolewa ubavuni mwake kwa sababu alizuia ndoa. Akarudi Afrika, akaweka nadhiri kwa Mungu kwamba hatajua mwanaume mwingine, akamwacha mtoto kwa baba. Na Augustino, hakuweza kungoja, akajitafutia mwanamke mwingine.

Anasema moyo wake ulijeruhiwa na kutoka damu. Tunamsadiki. Anakiri pia kwamba hakuweza hata kumwiga mwanamke katika uaminifu. Lakini someni vizuri: jeraha analolieleza ni lake. Juu ya jeraha la bibi, neno ni lile la nadhiri tu. Jina lake hakuliandika. Labda alitaka kumfunika, maana huenda bibi alikuwa angali hai. Tunaliona wazo hilo kuwa la haki. Hata hivyo, kitabu kinachochungulia wizi wa mapea wa kijana wa miaka 16 kwa kurasa nyingi kingeweza kumpa mwanamke huyu zaidi ya mistari michache.

Kumbe Augustino alirudi juu ya jambo hili, lakini mahali pengine. Kadiri ya mwaka 401 aliandika kitabu kidogo juu ya wema wa ndoa. Humo anauliza: mwanaume akikaa na mwanamke kwa muda tu, mpaka apate mwingine anayefaa cheo chake au mali yake, ni mtu gani? Anajibu kwamba moyoni ni mzinzi, tena anamkosea huyohuyo anayekaa naye. Na mwanamke, ikiwa alimshikia uaminifu na baada ya kuachwa hakutafuta mwingine, Augustino hathubutu kumwita mzinzi. Anamweka mbele ya wake wengi wa halali. Hasemi kwamba anajieleza mwenyewe. Anayejua Maungamo anatambua. Toba ya bustanini ilihitaji miaka 15 hivi mpaka imfikie mwanamke aliyepanda chombo peke yake kurudi Afrika.

Jambo hili linatuhusu sana sisi wa nchi hii. Tangu mwanzo wa misioni, mwanaume mwenye mabibi wengi akitaka ubatizo aliambiwa abaki na mmoja. Sheria ni ya haki, nasi hatuibishii. Lakini katika vitabu vya ubatizo tunasoma jina la bwana na tarehe yake. Wale walioondoka hawakuandikwa popote. Walirudi kwa kaka zao, wengine na mtoto mgongoni, na huko mali ya ndoa ilikuwa imekwisha kuliwa. Sheria ya Eklezia ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1148, inamwagiza askofu wa mahali aangalie kwamba mahitaji ya mabibi walioachwa yanatimizwa kwa haki na kwa mapendo. Ni wakatekista wangapi wamefundishwa kifungu hicho? Wanafundishwa lile la kwanza, la kuacha. Hivyo toba ya mwanaume inalipwa na mwanamke, na paroko anahesabu mkristu mpya.

Tungeomba walimu wa seminari wasiwape wanafunzi kitabu cha 8 peke yake. Wasome cha 10 katika muhula uleule, na kurasa zile chache za wema wa ndoa ziwe karibu yake. Kilatini chake si kigumu kupita nguvu za mwanafunzi wa mwaka wa pili, na kwa Kifaransa tafsiri zipo. Anayekwenda kuhubiri mafungo ya Kwaresima kijijini achukue habari ya Ponticianus, awaeleze wakatekista wakikaa pamoja jioni, kabla ya kugusa neno lolote juu ya bustani.