Sikio la Mtaalamu wa Usingizi

Ukitaka kumjua mtaalamu wa usingizi aliyeiva, usimtazame anapochoma sindano. Subiri mgonjwa alale nusukaputi, daktari mpasuaji ainamie tumbo. Yeye yuko kichwani pa mgonjwa, anajaza mapigo na presha kwenye karatasi, anamjibu muuguzi kuhusu dripu. Mara ananyamaza. Mlio wa oksimita umeteremka kidogo mno, kiasi ambacho mgeni asingekigundua. Anatazama kifua, anaminya mfuko wa hewa, anasikiliza pafu la kushoto: kimya. Mpira wa kupumulia umezama ukaingia njia ya pafu la kulia. Anauvuta nje kidogo, na mlio unapanda. Mpasuaji hata hajainua kichwa.

Mlio huo hushuka kadiri oksijeni ya damu inavyopungua, kwa hiyo macho hubaki huru kwa kazi nyingine. Zamani walitegemea kidole kwenye mshipa na rangi ya midomo, nayo midomo huchelewa kusema. Januari 1848, karibu na Newcastle, Uingereza, binti wa miaka 15, Hannah Greener, alivutishwa klorofomu ili ang'olewe ukucha wa kidole cha mguu. Alikufa baada ya dakika chache. Ukucha tu!

Oksimita tuliyonayo ilitokana na kero. Takuo Aoyagi, mhandisi wa Japani, alikuwa akipitisha mwanga sikioni ili apime damu inayosukumwa na moyo, lakini mapigo ya mshipa yakawa yanamchafulia mchoro. Alipohangaika kuyafuta, akabaini kwamba ndani ya mapigo hayohayo mlikuwa na habari ya oksijeni. Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya 1970. Namheshimu kwa kutoidharau takataka iliyomharibia kazi.

Hata hivyo kifaa hudanganyika. Bibi harusi mwenye piko nyeusi vidoleni huenda akahitaji kupimiwa kwenye ndewe ya sikio. Zito zaidi ni la ngozi yenyewe: utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha kwamba upungufu mkubwa wa oksijeni ulijificha nyuma ya namba nzuri karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Kwetu sisi hilo si la kusoma na kupita. Ndiyo maana fundi mzuri bado hufunua mdomo akatazama ufizi na ulimi, namba isome itakavyo.

Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ilikuwa mojawapo ya nane duniani zilizojaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Kabla ya usingizi, mtu huuliza kwa sauti: oksimita imefungwa, inafanya kazi? Kwa hospitali zote nane pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Kwa wagonjwa mahututi shida hugeuka: kengele ni nyingi mno, na sikio lililochoka huacha kuzisikia. Muuguzi stadi hazizimi, huzipangia mipaka ya kila mgonjwa. Mwenye mapafu yaliyoharibiwa na moshi wa miaka mingi mara nyingi hulengwa oksijeni ya damu kati ya asilimia 88 na 92, na kumzidishia oksijeni ili namba ipendeze kwaweza kumdhuru.