Bonde Lifokalo na Lifukalo: Uhakiki wa Istilahi za Tafsiri Moja

Tumepata kusoma mswada wa tafsiri ya Kiswahili ya masimulizi ya safari iliyofanywa, wakati wa baridi kali, katika bonde maarufu la chemchemi za volkano lililoko Kamchatka, rasi ya mashariki ya mbali ya Urusi. Mfasiri, ambaye hatutamtaja kwa kuwa kazi yake haijachapishwa, alituomba tuutazame upande wa istilahi tu. Tumeona yafaa maoni yetu yatolewe hadharani, kwa sababu makosa tuliyoyakuta si yake peke yake. Ni makosa yetu sote tunaofasiri elimu ya nchi za mbali, kamusi ikiwa mkononi na kitu chenyewe hatujakiona hata kwa macho ya akili.

Kwanza tulieleze bonde lenyewe. Mnamo Aprili 1941 mwanajiolojia Tatyana Ustinova, aliyekuwa akifanya kazi katika Hifadhi ya Kronotsky, alikuwa akifuata mto Shumnaya pamoja na kiongozi wake Anisifor Krupenin, mwenyeji wa rasi ile. Theluji ilikuwa bado imeifunika nchi. Walipoketi kupumzika, mara ukingo wa pili wa mto ukatoa maji yanayochemka, kwa mvuke mwingi na mngurumo. Kisha maji yakakoma, kukawa kimya kana kwamba hapakuwa na jambo. Hapo ndipo Ustinova alipotambua kilichokuwa mbele yake. Chemchemi ile ikapewa jina la Pervenets, yaani mzaliwa wa kwanza, na utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba katika kijito jirani ziko nyingine kwa makumi.

Mfasiri wetu amelieleza jina hilo kwa neno "Kifunguamimba". Hapa twampa hongera bila kusita. Hakutafuta neno katika orodha. Alijiuliza Waswahili humwitaje mtoto wa kwanza, akapata jibu. Laiti angalijiuliza vivyo hivyo katika kurasa zote.

Tuanze na majira. Mswada wasema kwamba safari ilifanyika "wakati wa kipupwe". Kipupwe tunakijua: ni ubaridi wa Juni hadi Agosti, masika yakiisha na kusi ikivuma, ambao dawa yake ni shuka zito tu. Majira yanayosimuliwa ni ya Desemba hadi Februari, nasi wakati huo tumo katika joto la kaskazi. Mwanafunzi akisoma "kipupwe" atakosea mwezi, atakosea kiasi cha baridi, na hataelewa kwa nini msafiri anastaajabu kuona majani mabichi kando ya chemchemi. Ustaajabu huo ndio roho ya masimulizi: nchi yote imekufa ganzi, lakini palipo na moto chini ya udongo, theluji haikai. Kwa hiyo twashauri "majira ya baridi", au pale hali ya nchi inapotaka kusisitizwa, "majira ya theluji".

Jambo la pili linahusiana na hilo. Mfasiri anaandika kwamba "barafu ilianguka usiku kucha". Ni kweli kwamba asili ya maneno haya mawili haitusaidii kuyatenga, kwani theluji tumeipata kwa Waarabu na barafu kwa Waajemi, na huko yalikotoka yote mawili huitwa kwayo kile kidondokacho kutoka mawinguni. Lakini Kiswahili kimekwisha kuyagawia kazi: theluji huanguka, barafu huganda. Mgawanyo huo ni mali yetu, tusiupoteze. Tena, pale mvuke wa chemchemi unapogandia matawi ya miti na kuyafanya meupe, mswada wasema "umande wa barafu". Neno "sakitu" lipo katika kamusi zetu tangu zamani, nalo latosha.

Sasa tufike kwenye kiini cha bonde. Katika mswada kila kitu kitoacho joto kinaitwa "chemchemi ya maji moto". Bonde hili lina aina tatu za vitu, na msafiri huvitofautisha kwa sababu kila kimoja chamtaka mwendo wake. Aina ya kwanza ni chemchemi inayotulia, kisha hurusha maji juu, kisha hutulia tena. Ile kubwa iitwayo Velikan imepata kuyarusha takribani mita 30. Kisa chake ni kwamba maji yaliyo ndani ya mkondo mwembamba hugandamizwa na uzito wa maji yaliyo juu yake, hata yakapita kiwango cha kawaida cha kuchemka bila kuchemka. Yakimwagika kidogo juu, uzito hupungua, na yale ya chini hugeuka mvuke kwa ghafula na kuyasukuma yote nje. Aina ya pili ni tundu litoalo mvuke na gesi pasipo maji. Aina ya tatu ni shimo la tope linalochemka polepole, likitoa mapovu mazito.

Wako wenzetu watakaosema tukope neno la kigeni kwa aina ya kwanza, lile lililotokana na Geysir, jina la chemchemi mojawapo ya Iceland. Hatupingi kukopa. Lakini neno hilo likitamkwa Kiswahili hukaribia mno "giza", nasi hatuoni faida ya kumpeleka mwanafunzi kwenye bonde la giza. Aidha, hatuna haja, kwani maneno yamo jikoni. Maziwa yaliyosahauliwa motoni hufoka. Kuni mbichi hufuka. Uji mzito hutokota. Vitenzi hivi vitatu vinazigawa aina zote tatu kwa usahihi ambao "maji moto" hayawezi kuufikia. Iwapo mtu atasema kwamba kufoka ni pia kusema kwa hasira, tutamjibu kwamba hilo halidhuru: chemchemi hiyo nayo hunyamaza, kisha hupandwa na hasira.

Hadi hapa tumesahihisha maelezo. Yanayofuata ni mazito zaidi, maana yanagusa maisha ya watu. Katika onyo kwa wageni, mfasiri ameandika kwamba mtu asiiache njia ya mbao kwa kuwa "ganda la dunia mahali hapa ni laini". Ganda la dunia ni istilahi sahihi ya jiolojia, na chini ya mabara unene wake kwa kawaida ni kilomita 30 au zaidi. Kinachozungumzwa katika onyo ni tabaka nyembamba ya udongo iliyokauka juu ya tope linalotokota, ambayo mguu wa mtu waweza kuitoboa, na ambayo theluji huificha isionekane. Istilahi iliyo sahihi katika orodha imekuwa uongo katika sentensi. Tulifikiria "ukoko", lakini ukoko hukaa chini ya chungu. Kikaacho juu ni utando, kama ule wa uji uliopoa usoni tu, nao umemwunguza kila mtoto aliyeuamini. Twapendekeza onyo lisomeke hivi: "Usitoke katika njia ya mbao, hapa ardhi ni utando tu, na chini yake tope linatokota."

La mwisho ni gesi. Karibu na bonde hili, chini ya volkano Kikhpinych, pana mahali palipogunduliwa mwaka 1975 na kuitwa Bonde la Mauti, kwa sababu mbweha, ndege na hata dubu hukutwa wamekufa hapo. Mswada wasema wameuawa na "hewa chafu". Msomaji wa maneno hayo atatarajia uvundo, na asiposikia harufu atajiona salama. Kumbe mojawapo ya gesi zipatikanazo hapo ni hewa ya ukaa, isiyo na rangi wala harufu, ambayo kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida hujikusanya mabondeni. Wenzetu wasemao Kiswahili katika sehemu za Goma, karibu na volkano Nyiragongo, wanaijua hatari hii, nao mahali pa namna hiyo hupaita "mazuku". Wataalamu wa volkano wamelichukua neno hilo na kulitumia katika maandishi yao ya Kiingereza na Kifaransa. Yasikitisha kwamba mgeni ameliazima kwetu, nasi twamfasiria kwa maneno mawili legevu. Twakiri kwamba Kamchatka zimo pia gesi nyingine zenye sumu, kwa hiyo mfasiri azitaje; lakini ile isiyonusika aiite kwa jina lililokwisha kujaribiwa.

Kwa muhtasari, twapendekeza haya yafikiriwe:

1. majira ya baridi, majira ya theluji (si kipupwe);
2. chemchemi ifokayo;
3. tundu lifukalo;
4. tope litokotalo;
5. utando wa udongo (si ganda la dunia);
6. mazuku.

Hatudai kwamba orodha hii imekamilika, na walimu wa jiografia wanaoishi karibu na Ol Doinyo Lengai au Goma huenda wana maneno bora zaidi, twawaomba watuletee. Tunalodai ni moja tu: mfasiri akione kitu kwanza, ajiulize kinafanya nini na chaweza kumfanya nini msomaji, ndipo atafute neno. Akifuata njia hiyo atakuta mara nyingi kwamba neno lilikuwa likimngoja mekoni.